“Stench”, “stink” na ndugu zao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maneno ya Kiingereza ya uvundo

Mchana nafundisha Kiingereza kwa watu wazima, jioni natafsiri. Kuna mwaka nilikuwa na mwanafunzi, mama wa makamo anayeuza udi na mafuta ya kujipaka, aliyeandika ubaoni tangazo la biashara yake: “My perfume stinks very much.” Alikusudia kusema manukato yake yananukia sana. Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akafungua kamusi, akaniwekea kidole kwenye mstari: “Mwalimu, si hapa pameandikwa stink ni kunuka? Na manukato si yanatokana na kunuka?” Kicheko kikakatika, nami nikabaki na chaki mkononi. Majibu yaliyo hapa chini yalianzia siku ile. Maswali mengine nimeyaongeza kadiri yalivyokuwa yakirudi darasa baada ya darasa.

“Stench” maana yake nini hasa?

Ni uvundo. Harufu ya samaki anayekaangwa kwa jirani si “stench”, hata kama samaki huwapendi. “Stench” ni ile inayokupokea mlangoni kabla macho hayajaona chochote: panya aliyefia darini, ndoo ya mabaki ya chakula iliyosahauliwa juani, choo cha stendi saa nane mchana. Ina uzito, ina kuoza ndani yake, na haikuachi haraka. Unafika nyumbani bado iko kwenye nguo.

Ni nomino tu. Ukitaka kitenzi unamwita ndugu yake, “stink”.

Basi “stench” na “stink” zinatofautianaje?

Kwa nguvu, na kwa mahali zinapokaa. “Stink” ni neno la nyumbani, la watoto na la soksi. Kaka yako akivua viatu sebuleni, hiyo ni “stink”. “Stench” ni neno la gazeti na ripoti: jalala lililoporomoka, machinjio yasiyosafishwa, uwanja wa vita siku ya tatu. Mtu akisema “stench” mezani kuhusu soksi, ujue anatia chumvi ili watu wacheke.

“Stink” ina vibarua vya pembeni pia. Kuzua “a stink” ni kulalamika hadharani mpaka wakubwa wasikie. Timu ikisemwa “stinks”, maana yake ni ya hovyo, haina harufu yoyote. “Stench” nayo hupelekwa kwenye rushwa na unafiki, na hapo tunakwenda sawa nao, kwani nasi husema jambo fulani linanuka rushwa.

Wakati uliopita ni “stank” au “stunk”?

Leo “stink”, jana “stank”, na baada ya “have” ni “stunk”. Fuata mfano wa “drink, drank, drunk” hutapotea. Kwa Wamarekani utasikia “stunk” hata kwa jambo la jana, lakini kwenye mtihani andika “stank”.

Neno lenyewe limetoka wapi?

Hapa ndipo yule mama aliponikamata, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Yote mawili ni maneno ya kizawa. Hayakuletwa na Wafaransa wala kukopwa kwa Kilatini. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani, watu wa kaskazini ya Ufaransa, kuivamia na kuitawala Uingereza mwaka 1066, nomino ilikuwa “stenc” na kitenzi kilikuwa “stincan”. Wajerumani wana “stinken” na “Gestank”, Waholanzi wana “stinken”. Ni ukoo mmoja.

Lakini “stenc” haikuwa uvundo. Ilikuwa harufu, basi. Ya ua, ya uvumba, ya mkate, ya maiti, yoyote. Ukitaka kusema ni nzuri au mbaya uliongeza kivumishi, kama sisi tunavyosema harufu nzuri na harufu mbaya.

Ushahidi wake uko kwenye hati ya karne ya 10 inayohifadhiwa katika kanisa kuu la mji wa Exeter. Ndani yake mna mashairi ya wanyama. Moja linamsimulia chui: akishashiba hulala usiku tatu, kisha huamka, hutoa sauti, na baada ya sauti hiyo hutoka “stenc” tamu kuliko maua ya mimea yote, hata watu na wanyama wanaifuata. Mtunzi alikuwa Mkristo, na siku tatu hizo unajua anaelekea wapi: kwenye ufufuo wa Yesu. Shairi lingine ni la nyangumi. Huyu akishikwa na njaa hupanua kinywa, na kutoka tumboni mwake hutoka “wynsum stenc”, na samaki wadogo huingia wenyewe. “Wynsum” ndiyo “winsome” ya leo, yaani ya kupendeza. Mwingereza wa sasa akisoma “winsome stench” atadhani mwandishi amechanganyikiwa, kumbe ni Kiingereza safi kilichochakaa.

Na huyo nyangumi ana habari nyingine. Tumboni mwa nyangumi wa aina moja ndimo hutoka ambari, ile iliyookotwa fukwe za pwani yetu na kuuzwa ng’ambo tangu zama za al-Masudi, msafiri wa karne hiyohiyo ya 10 aliyeandika habari za ambari ya nchi ya Zanji, yaani pwani hii hii. Ambari mbichi hunuka kama kinyesi. Inapoelea baharini na kupigwa na jua miaka na miaka, hubadilika ikawa tamu, na watengeneza manukato huigombea. Neno “stenc” lilisafiri kinyume chake.

Kwa nini moja linaishia na “nk” na jingine na “nch”?

Kwa sababu ileile inayofanya tuseme chakula na chombo badala ya “kiakula” na “kiombo”: k ikifuatwa na i na irabu nyingine hulainika ikawa ch. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na ugonjwa huo. Zamani za mbali nomino ilikuwa na sauti ya i mwishoni. Ile i ikalainisha k, kisha yenyewe ikapotea. Ndiyo maana wana jozi kama “drink” na “drench”. Ukishaiona jozi moja utaanza kuziona nyingine.

Ilikuwaje neno la harufu nzuri likaoza?

Halikuoza siku moja. Hata zama za Kiingereza cha kale tayari lilitumika kwa nzuri na kwa mbaya, na ile mbaya ikawa inajinyoosha kidogokidogo. Kufikia karne ya 13, mtu akisema “stink” bila kuongeza neno, wasikilizaji walishika pua.

Mimi naona sababu iko kwenye mazungumzo yenyewe. Nani anataja harufu pasipokuwa na tatizo? Ukiingia chumbani ukasema tu “kuna harufu humu”, mwenye nyumba hasemi asante, anaanza kutafuta kitu nyuma ya kabati. Neno likitajwa mara mia, tisini ni kwa shida, na zile kumi za maua haziwezi kuliokoa.

Nafasi iliyoachwa wazi ikajazwa na wageni. “Smell” linaonekana katika karne ya 12, na wataalamu hawajapata asili yake ya uhakika. Kisha Kifaransa cha Wanormani kikaleta “odour” na “savour”, na baadaye “scent”. Maneno ya kifalme yakachukua maua, neno la kizawa likabakiziwa choo. Hilo halikutokea kwenye harufu peke yake. Ng’ombe akiwa zizini aliitwa kwa neno la wenyeji, “cow”, na akifika mezani akaitwa kwa Kifaransa, “beef”.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilikuta kazi imekwisha. Martha, mbele ya kaburi la Lazaro, anasema “by this time he stinketh”. Biblia yetu ya Kiswahili haikumung’unya: “ananuka sasa”. Tafsiri nyingine za Kiingereza za kisasa zimelainisha zikaandika kwamba kuna harufu mbaya. Mimi nabaki na Martha wa zamani. Dada aliyefiwa siku nne zilizopita hana muda wa adabu za namna hiyo.

Kiswahili kina kisa kama hicho?

Kinacho, na ndicho kilichofanya yule mama awe na haki nusu.

Kunuka ni kutoa harufu mbaya. Kunukia ni kutoa harufu nzuri. Kati ya tusi na sifa pamesimama irabu moja, i, ileile tunayoitia tunapotoa pikia katika pika na letea katika leta. Mtoto wa miaka minne hakosei. “Bibi ananukia” atapewa tende. “Bibi ananuka” atapewa kofi. Ukitazama umbo tu, kunukia ni kama kunuka kwa ajili ya mtu, harufu inayokuja kwako na kwa faida yako. Hayo ni mawazo yangu, usiyanukuu kwenye tasnifu.

Lakini angalia manukato. Halikutokana na nukia, limetokana na nuka, halina i hata moja. Na marashi hayo hayo tunayapaka kwenda harusini bila mtu kukunja uso. Yaani ndani ya manukato bado anaishi nuka wa zamani, asiye na upande, kama vile “stenc” alivyokuwa ndani ya kinywa cha chui. Tofauti ni kwamba Waingereza walipoharibikiwa na neno lao ilibidi waende kuazima. Sisi tuliongeza irabu tukaendelea na safari.

Kiingereza hadi leo hakina kitenzi kimoja cha kunukia. Lazima waseme “smells good” au “smells nice”. Ukimtafsiria Mwingereza taarabu yenye kunukia kila beti, utachoka.

“Reek” nayo inaingia wapi?

“Reek” ilianza jikoni. Maana yake ya kwanza ni kufuka moshi. Kijerumani kimebaki na “Rauch”, moshi, na Kiholanzi na “rook”. Mji wa Edinburgh ulibandikwa jina la utani “Auld Reekie”, Mzee wa Moshi, kwa mabomba ya moshi ya nyumba zake, na jina hilo si tusi, wenyeji wanalipenda. Kutoka moshi neno likaenda kwenye mvuke, kutoka mvuke kwenye jasho, na kutoka jasho hakuna mbali. Siku hizi mtu hu-“reek” pombe au sigara: harufu inamtoka kama moshi kwenye paa la makuti.

Nimesikia neno “funk” lina asili ya Kongo. Ni kweli?

Kuna njia mbili, na zote mbili zina watu wake.

Njia ya kamusi nyingi inaanzia karne ya 17, ambapo “funk” ni harufu nzito, hasa ya moshi wa tumbaku uliofungiwa chumbani. Wanaihusisha na neno la lahaja za Kifaransa la kufukiza moshi, ambalo nalo linarudi kwenye Kilatini “fumigare”. Yaani moshi tena, kama “reek”.

Njia ya pili aliileta Robert Farris Thompson, mtaalamu wa Kimarekani wa sanaa za Kiafrika, katika kitabu chake cha mwaka 1983. Yeye alionyesha neno la Kikongo “lu-fuki”, harufu kali ya mwili, ambalo kwa Wakongo huweza kuwa sifa: harufu ya mtu aliyefanya kazi kwa bidii mpaka mwisho. Wanamuziki weusi wa Marekani walipoanza kuita muziki wao “funky”, walikuwa wanasifu. Hawakuwa wanasema unanuka vibaya. Walikuwa wanasema una jasho, una udongo, umetoka kwa watu. Kilatini hakielezi sifa hiyo vizuri, Kikongo kinaielezea. Huenda neno la Kizungu na la Kikongo yalikutana kinywani mwa watu wale wale, likashikana moja na jingine. Lugha hufanya hivyo kila siku.

Msikilizaji wa Kiswahili hapo anaweza kurukia kufuka na kufukiza, moshi unafuka, ubani unafukizwa. Sauti zinavutia, lakini kufanana kwa sauti peke yake si hati ya ndoa.

“Noisome” si inahusu kelele?

Hapana, ingawa kila mwaka mwanafunzi mmoja ananitafsiria “a noisome smell” kuwa harufu ya kelele. Imetokana na “annoy” iliyokatwa kichwa: kuudhi, kudhuru. Harufu “noisome” ni harufu ya karaha. Kelele haimo kabisa.

Mbona maneno mengi ya uchafu yanaanza na f au p: “foul”, “filth”, “putrid”, “pus”?

Kwa sababu ni ndugu. Yote hurudishwa kwenye shina moja la kale sana, “pu”. Kilatini kikabaki na p, lugha za jamii ya Kiingereza zikaigeuza kuwa f, ndiyo maana “pater” ya Kilatini inalingana na “father”, na “piscis” na “fish”. “Filth” ni “foul” iliyopewa mkia. Na wengi huona kwamba shina lenyewe lilianza kama sauti tu ya mtu anayefukuza pumzi mbaya: pu! Sisi tuna kefule, na tuna fe, ile ya kusema kitu kinanuka fe. Jaribu kutamka fe bila kutoa pumzi nje. Haiwezekani, na nadhani ndiyo kazi yake.

Ni kweli “malaria” maana yake ni hewa mbaya?

Kweli. Ni Kiitaliano, “mala aria”. Na hapa neno la harufu liliua watu, kwa hiyo tusipite haraka.

Kwa karne nyingi madaktari wa Ulaya waliamini kwamba ugonjwa unaletwa na uvundo wenyewe. Waliuita “miasma”, neno la Kigiriki la doa na unajisi. Kinamasi kinanuka, wakaao karibu nacho wanaugua homa, basi harufu ndiyo homa. Edwin Chadwick, aliyesimamia mageuzi ya afya Uingereza, aliiambia kamati ya bunge mwaka 1846 kwamba harufu ikizidi ukali ni maradhi papo hapo. Mbu alikuwa anapita mbele ya pua zao bila kushtakiwa. Ilikuwa mwaka 1897 ndipo Ronald Ross, akiwa India, alipoona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu.

Harufu ilisingiziwa kipindupindu pia. Daktari John Snow alipinga. Mwaka 1854 alionyesha jinsi vifo vya mtaa mmoja wa London vilivyozunguka pampu moja ya maji ya kunywa. Wengi hawakumsikiliza. Kisha ukaja msimu wa joto wa 1858, ambao Waingereza wanauita “the Great Stink”, Uvundo Mkuu. Mto Thames ulikuwa ndio bomba la choo la mji mzima, jua likaupika, na jengo la Bunge liko ukingoni pale pale. Mapazia ya Bunge yakalowekwa katika chokaa yenye klorini. Wabunge wakaingia na leso puani. Snow alifariki Juni 16 mwaka huo, uvundo ukiwa kileleni, kabla dunia haijamkubalia.

Bunge lililokuwa limevutana miaka mingi juu ya gharama lilipitisha sheria ndani ya siku 18. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikuu ya maji machafu chini ya ardhi, kama kilomita 132, ikapeleka uchafu mashariki, mbali na mji. Na kipindupindu kikakoma! Walijenga ili kuondoa harufu, wakaondoa maji machafu kwenye vikombe vya watu. Walipata jibu sahihi kwa hesabu ya makosa. Sehemu ya mashariki ya London, ambako mtandao ulikuwa haujakamilika, ndiyo iliyopigwa na kipindupindu cha mwisho mwaka 1866, watu zaidi ya 5,000 wakafa.

Ni nani aliyeiita Zanzibar “Stinkibar”?

David Livingstone, katika shajara yake ya mwaka huohuo wa 1866, alipokaa Unguja miezi ya mwanzo akijiandaa kwenda bara. Anaeleza kwamba taka za mji zilimwagwa ufukweni, na kwamba usiku uvundo, naye anatumia neno “stench”, ulikuwa mzito hata mtu angeweza kukata kipande akarutubishia bustani. Kwa hiyo, anasema, mji ungefaa kuitwa “Stinkibar”.

Wanafunzi wangu wa Unguja hukasirika wakisikia. Wanauliza: karafuu hakuzisikia? Nami huwaambia mambo mawili. La kwanza, hakuwa anasingizia. Ufukwe ulikuwa jalala kweli, na wageni wengine wa karne ile waliandika kuhusu maiti za watumwa zilizotupwa pwani. Mji ulinuka biashara yake. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1869, kiliua watu wengi sana, na daktari Mskochi aliyekuwapo, James Christie, aliandika kitabu kizima kufuata njia zake Afrika Mashariki.

La pili, Livingstone hakutoka kwenye nchi ya marashi. Miaka minane tu nyuma Bunge la nchi yake lilikuwa karibu kufukuzwa na mto wake, na wakati yeye anaandika utani wake, watu wa mashariki ya London walikuwa wanasubiri mifereji. Ukisoma “Stinkibar”, iweke kando ya mapazia yale ya klorini.

Kuna mti unaitwa “stinkwood”. Unanuka?

Jina hilo lilianzia kwa Waholanzi wa Afrika Kusini, kwa mti ambao ubao wake mbichi una harufu mbaya. Baadaye likabandikwa miti mingine. Mmoja unaota kwenye milima yetu ya Kenya na Tanzania, ule ambao Wakikuyu huuita muiri, na gome lake hutumika kwa dawa ya tezi dume. Kwa Kiingereza huitwa “red stinkwood”, lakini gome lake likipondwa harufu yake hukaribia ile ya lozi. Msidanganyike na jina.

Nikikuta “stench” kwenye maandishi, nitafsiri vipi?

Kwanza jiulize nini kinanuka. Kiingereza kinaridhika na neno moja, Kiswahili kinataka kujua.

Kitu kinachooza: uvundo. Nguo zilizokunjwa mbichi zikakaa siku mbili: zimevunda. Wali wa jana: umechacha, na hapo hata neno harufu halihitajiki. Jasho la kwapani: kikwapa. Samaki: shombo au vumba, kutegemea uko pwani ipi na unaongea na nani.

Shombo peke yake lina siku nzima ya darasa. Nenda soko la Feri, Dar es Salaam, alfajiri, mashua zikiteremsha. Umeshika changu mmoja tu, umelipa, umeondoka. Ukipanda daladala, abiria wa pembeni anageuza uso dirishani. Umenawa kwa sabuni, bado. Mpaka upate ndimu, usugue na kucha. Ile iliyobaki vidoleni ndiyo shombo. Samaki hakuoza, ni mzima kabisa, kwa hiyo si uvundo. Mtafsiri anayeandika “stench” hapo amemtukana muuza samaki. Lakini akiandika “fishy smell” anaingia shimo jingine, kwa sababu “fishy” ni pia jambo lenye kutia shaka. Mimi huandika kwamba mikono yake ilikuwa bado na samaki, nikasonga mbele.

Nikimwambia mtu “you stink”, ni tusi?

Kwa rafiki baada ya mpira, ni utani. Kwa mfanyakazi mwenzako, ni ugomvi, na kwa mkubwa wako, usijaribu. Waingereza wenyewe huzunguka. Husema hewa humu ni nzito, tufungue dirisha. Hapo hatutofautiani nao. Shangazi yangu hakuwahi kumwambia mtu kwamba ananuka. Alisema, “Mwanangu, maji ya kuoga nimekuwekea bafuni.”

Na “harufu” yetu, je, iko salama?

Kamusi inasema harufu haina upande. Sasa rudi Feri, simama mbele ya meza ya jodari. Muuzaji akikuona unasita atakuambia, “Hawa hawana harufu, dada, nusa mwenyewe.” Harufu gani hiyo wasiyokuwa nayo? Kila mtu hapo anajua. Mwambie mwenye hoteli nyama yake ina harufu, uone kama atakushukuru. Kwenye asmini bado tunaongeza nzuri. Kwenye nyama hatuongezi mbaya, kwa sababu imeshaingia yenyewe.

“Smell” iko njia hiyohiyo, tena imetutangulia. Yule mama wa udi, baada ya somo langu refu la chui na nyangumi, alifuta “stinks” akaandika: “My perfume smells very much.” Ikabidi nimwambie bado, “smells” ikisimama peke yake nayo ni kunuka, aongeze “nice”. Akanitazama kwa muda. Kisha akachukua kifutio, akafuta sentensi yote, akaandika kwa herufi kubwa: YANANUKIA.